Kimya cha Mapigo Manne

Sogeeni karibu. Anayetaka hadithi ya kumbembelezea mtoto alale, aende kwa jirani, mimi leo sina. Yangu ina watu wanne, zeze moja na kigoda kimoja. Watu wanne hawaenei kwenye kigoda kimoja, hilo hata anayejifunza kuhesabu analijua. Sikilizeni vizuri basi, maana mwisho sitausema mimi. Nitawauliza ninyi, na atakayejibu haraka nitamtazama kwa jicho baya.

Wa kwanza ni Nakijwa, binti wa Kwangovi, kijiji cha mlimani ambako tangawizi hulimwa kwenye miteremko na ukungu huondoka saa nne asubuhi ukipenda. Yeye alijaliwa sauti na utunzi. Sauti yenyewe haikuwa ya kutikisa madirisha. Ilikuwa sauti ya mtu anayekusemesha wewe peke yako, jikoni, huku anachambua maharage. Kwa miaka tisa alitunga nyimbo kumi za zeze. Alizitunga, akazivunja, akazitunga tena. Hakuna kampuni iliyomtaka, naye hakumpigia mtu magoti.

Wa pili ni kaka yake, Senkondo, mzaliwa wa kwanza. Yeye alijaliwa uso usiosema kitu. Mgombeze, mpe zawadi, mkanyage kidole: uso ni ule ule. Ndiyo maana kijiji kizima kilimpa siri zake azitunze.

Wa tatu ni Abihudi, fundi wa kurekodi huko mjini, bondeni. Yeye alijaliwa masikio. Pikipiki ikipita barabarani alikuambia plagi yake imechoka. Mtu akimwambia "sijambo," alijua palepale kama ni kweli au ni adabu tu.

Wa nne ni Bi Zawena, mhakiki wa muziki katika gazeti la Jumapili. Yeye alijaliwa maneno. Akiandika kwamba wimbo ni mbovu, aliyeupenda jana anaona haya leo. Akiandika kwamba ni mzuri, watu wanalia kabla hawajausikia.

Hao ndio wanne. Kila mmoja kipaji chake, na kila mmoja alikitumia. Laiti mmoja wao angezaliwa mjinga, leo tungekuwa tunasimulia kitu kingine.

Sasa shikeni desturi moja ya ukoo wa Nakijwa, maana bila hiyo mtapotea. Kwao kifo kikiingia nyumbani, nyuzi za zeze hulegezwa, zeze likatundikwa ukutani, na hakuna mtoto wa nyumba hiyo anayeimba mpaka mwaka upite na matanga yaanuliwe. Halafu, habari ya kifo haitamkwi, wala haipigiwi simu. Mzaliwa wa kwanza hunyoa nywele zote, akaenda kichwa wazi mpaka alipo ndugu yake, akasimama mbele yake. Hasemi neno. Kichwa ndicho habari. Ukikiona, umeshaambiwa. Na kabla yake, mtu mwingine yeyote haruhusiwi kufungua mdomo, hata awe na uchungu wa namna gani.

Abihudi alikuwa amepata chumba cha kurekodia kwa siku sita tu, Jumatatu mpaka Jumamosi. Jengo lile lilikuwa libomolewe wiki iliyofuata, mitambo ihamishiwe mbali. Akamwita Nakijwa, "Dada, ni sasa au basi. Nyimbo kumi, siku sita." Nakijwa akafunga zeze kwenye kanga, akamuaga mama yake, Mama Naetwe, akateremka mlima.

Nisipowaambia kuhusu wimbo wa kumi nitakuwa nimewaibia. Uliitwa "Naetwe Niitikie." Nakijwa aliutungia barazani, mama yake akiwa jikoni na chungu cha makande. Mtoto anaita, "Mama Naetwe, niitikie," kisha ananyamaza mapigo manne. Mara ya kwanza mama alidhani anaitwa kweli, akajibu kutoka kwenye moshi, "Ee, mwanangu!" Jibu likaangukia katikati ya kile kimya kama lilipimwa. Tangu siku hiyo ikawa mchezo wao. Mama akichelewa kuitika, Nakijwa anaanza wimbo upya, na mama anapiga kelele kwamba makande yataungua kwa ajili ya upuuzi huu. Miaka minne waliuimba hivyo, wawili, ukuta mmoja katikati yao.

Abihudi alipousikia kwa mara ya kwanza alisema, "Hapa katikati pana shimo. Tuweke filimbi?"

"Paache wazi, fundi," Nakijwa akajibu. "Ukipigwa redioni, mama atapajaza mwenyewe."

Jumatatu walirekodi nyimbo mbili. Jumanne mbili. Simu zote zilizimwa na kuwekwa kikapuni mlangoni, ndiyo sheria ya Abihudi. Jioni Nakijwa alimpigia kaka yake, maana mama hakuwa na simu. "Mama hajambo?" "Hajambo." Na Jumanne ilikuwa kweli.

Jumatano kifua kilimbana mama tangu alfajiri. Alilazwa chumbani, dada wa marehemu mume wake, Shangazi Namcheja, akawa anamkanda mgongo. Mama akasema, "Mwiteni Nakijwa." Akasema tena. Mara ya tatu alimshika Senkondo mkono, "Umemwita?"

Senkondo angeweza kusema. Simu ilikuwa mfukoni mwake, na mjini ni mwendo wa saa tatu. Lakini alipiga hesabu nyingine. Mama akipona, tutakuwa tumemtoa Nakijwa bure. Mama asipopona, zeze litatundikwa mwaka mzima, chumba kitabomolewa, na miaka tisa ya dada yangu itaingia kwenye kifusi. Akatumia kipaji chake. Uso ule ule, sauti ile ile, akamwambia mama yake, "Yuko njiani, mama." Mama alielekeza macho mlangoni, na hivyo ndivyo alivyokufa, akitazama mlango. Jioni simu ikalia. "Mama hajambo, kaka?" "Hajambo. Anasema umalize kwanza." Ndani ya saa kumi alikuwa amemdanganya anayekufa na anayeishi, na wote wawili walimshukuru.

Alhamisi walimzika. Shangazi Namcheja alimuuliza, "Na Nakijwa?" Senkondo akasema, "Hiyo ni kazi yangu mimi." Ndivyo desturi inavyosema, kwa hiyo shangazi akafunga mdomo. Senkondo akanyolewa. Ijumaa akateremka kwenda mjini kama inavyompasa mzaliwa wa kwanza. Ila aliponyanyuka kwenye kiti cha basi na kuona jengo la studio, alitoa mfukoni mzula wa sufu, ile kofia wanayovaa walinzi wakati wa baridi, akaivuta mpaka chini ya masikio. Mjini bondeni, mchana, joto la kuyeyusha mishumaa. Akaingia hivyo.

Nakijwa alikuwa na wimbo mmoja tu umebaki, ule wa kumi.

"Kaka! Umekuja? Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusubiri."

"Basi kaa pale, usikohoe."

Senkondo akatoka kwenda kwenye ukumbi mwembamba wa nje na kumpigia shangazi simu. Alinong'ona. Lakini Abihudi alikuwa ameweka maiki moja kwenye ukumbi huo, maana ukumbi una mwangwi mzuri na yeye alipenda kuuchanganya kidogo na sauti ya zeze. Akasikia kila neno kwenye hedifoni zake: "Bado sijamwonyesha kichwa, shangazi. Kesho akimaliza. Kaburini wekeni mtu, mbuzi wasikanyage."

Abihudi angeweza kuzima. Kitufe kilikuwa chini ya kidole chake. Angevua hedifoni, akasema, "Dada, leo tupumzike, zungumza na kaka yako." Ijumaa ile hakusema kitu. Alikwenda nyumbani, akala, akalala, na Jumamosi asubuhi akarudi. Nakijwa akaimba wimbo mara tatu na mara zote haukukaa. Sauti ilikuwa imechoka, ilikuwa inaimba kwa ujuzi tu. Masikio ya Abihudi yalijua kinachokosekana, na sasa alijua kinapatikana wapi. Akatumia kipaji chake. Akabonyeza kitufe cha kuongea, akamwambia taratibu, "Dada, sahau studio. Mama yako amesimama mlangoni. Anakutazamia. Mwite kama mtu unayejua ataitika."

Nakijwa akafumba macho, akaita. "Mama Naetwe, niitikie." Mapigo manne. Na pale kwenye kimya, pale ambapo jibu lilizoea kuangukia, akacheka. Kicheko kidogo, cha puani, kama mtu aliyekamatwa akila sukari. Kisha akaendelea hadi mwisho. Abihudi akazima mitambo. Alisema neno moja tu, "Tumemaliza," akaenda msalani, akajifungia, akakaa huko kitambo.

Kaka na dada walipofika kituo ambapo njia ya Kwangovi inaanza kupanda, Senkondo aliweka mizigo chini, akavua mzula. Sitawasimulia jinsi dada yake alivyolia. Aliyewahi kufiwa anajua, na ambaye hajafiwa asiwe na haraka. Nakijwa alipanda mlima, akaingia ndani bila kumsalimia mtu, akalegeza nyuzi, akatundika zeze. Kesho yake akamtumia fundi ujumbe: albamu isitoke. Milele.

Abihudi hakuitoa. Alimtumia tu nakala Bi Zawena, "asikilize kidogo, mtu mmoja, kuna ubaya gani?" Bi Zawena akasikiliza. Jumapili iliyofuata gazeti likatoka na nusu ukurasa. Aliandika hivi: "Nimeisikiliza albamu hii mara saba. Nyimbo tisa za kwanza zinamfanya mtu aache kazi zake. Ya kumi inamfanya aache maringo. Mwimbaji huyu asiye na kampuni wala mfadhili anamwita mama yake, ananyamaza mapigo manne, kisha anacheka. Kicheko hicho hakiwezi kuigizwa. Ni kicheko cha mtu ambaye mama yake yuko jikoni sasa hivi." Gazeti lilipanda mlima mkononi mwa mwalimu mmoja mwema, akamsomea Nakijwa kwa sauti akidhani atamfurahisha. Alipofika sentensi ya mwisho, mwalimu aliona alichokuwa anakisoma, lakini alikuwa ameshaanza, basi akamaliza.

Wiki hiyohiyo Abihudi alishindwa kubeba mzigo wake peke yake, akampigia Bi Zawena na kumweleza yote: mzula, ukumbi, kaburi. Bi Zawena, mwandishi haswa, hakuandika kwa kusikia. Alipanda mlima mwenyewe kuhakikisha. Nakijwa akampa makande, akamkalisha barazani, akajibu kila swali. Mwishowe akamshika mikono. "Dada yangu, umeshajua. Sasa nakuomba, usiandike. Uliyoandika yametosha."

Bi Zawena angeweza kunyamaza. Alilia pale barazani, na machozi yale yalikuwa ya kweli, sitamsingizia. Alimkumbatia Nakijwa, akateremka, na njia nzima alikuwa anarudia sentensi ya kwanza kichwani. Akatumia kipaji chake. Jumapili ukurasa mzima, na juu yake: "Alimwita Mama Aliyekwisha Kuzikwa." Nchi nzima ikalia. Watu ambao hawajawahi kusikia zeze waliidai albamu ile kama chakula cha msaada, Abihudi akaitoa, na wahakiki wengine wakapanga foleni. Mmoja aliiita albamu ya kwanza bora kuliko zote za muongo huu. Mwingine alisema kile kimya ndicho noti nzuri kuliko zote zilizowahi kurekodiwa, akashindana na wenzake kuhesabu kina sekunde ngapi. Wimbo ukawa unapigwa misibani. Jina la Naetwe, mama wa makande, likafika kwa watu wasioijua hata njia ya Kwangovi. Nakijwa akishuka sokoni na kikapu cha tangawizi, wanawake wanamzunguka: "Dada, pole sana. Hebu tuchekee kidogo, kama kwenye wimbo." Wanasema kwa upendo. Hilo ndilo lililomchosha zaidi.

Mwaka ukapita. Siku ya kuanua matanga ikafika.

Siku hiyo kwao hutolewa kigoda cha marehemu na kuwekwa uani mbele ya mlango. Zeze hushushwa. Wanamtafuta mtu mmoja, awe wa damu au mgeni, ambaye mwaka ule amelibeba jina la marehemu mbali kuliko wengine. Huyo huketi kigodani, huwa mtoto wa nyumba, hulipiga zeze mara ya kwanza, na humpa mtoto mchanga jina la marehemu. Na mtoto alikuwapo: mke wa Senkondo alikuwa amejifungua binti wa miezi miwili, hana jina bado, analala mgongoni. Lakini kivuli cha nyumba kikifupika mpaka mlangoni na kigoda hakijakaliwa, kigoda na zeze vinachomwa, na jina lile halitolewi tena kwa mtoto yeyote. Linazikwa mara ya pili.

Wakaja wote, nami nikiwa miongoni mwa watazamaji. Bi Zawena na daftari lake, Abihudi na kifaa kidogo cha kurekodi mfukoni, Senkondo na nywele zilizokwisha kuota. Shangazi Namcheja akauliza, "Nani amelibeba jina la Naetwe?"

Senkondo akasimama kwanza. "Mimi. Ningemwita Nakijwa Jumatano ile, zeze lingetundikwa, na wimbo usingekuwapo. Nimebeba siri mpaka mabega yameniuma. Bila mimi, mama angejulikana na majirani tu."

Abihudi akasimama. "Samahani, kaka. Wewe uliokoa siku, hukuokoa wimbo. Aliuimba mara tatu, wimbo ukiwa umekufa. Mimi ndiye niliyemwambia mama amesimama mlangoni. Kile kimya mnachokilia, mimi nilikikamata."

Bi Zawena akasimama. "Na kingebaki kwenye kabati lako, fundi. Nyimbo nzuri zinaoza kwenye makabati kila siku. Nani ameifundisha nchi nzima kulitamka jina la Naetwe? Ni mimi."

Watu wakaguna. Kila mmoja alikuwa na haki, na kila mmoja alikuwa amesogea hatua moja karibu na kigoda. Nakijwa alikuwa ameegemea mlango.

Shangazi Namcheja akatikisa kichwa. "Mmesema vizuri. Sasa wageni hamjui, na wewe Senkondo unajifanya umesahau. Anayeketi hapa huulizwa swali moja la marehemu, na hulijibu kwa kweli, mbele ya wote, kabla hajakaa. Swali ni hili: Naetwe aliita. Wewe ulimwitikiaje?" Akamgeukia Senkondo. "Nilikuwepo chumbani, mwanangu. Nilihesabu. Aliita mara tatu."

Hapo ndipo nilipocheka mimi, Mungu anisamehe, maana miguu iliyokuwa inasogea mbele ilianza kurudi nyuma.

"Mimi sikumdhuru mtu," Senkondo akasema. "Nilichelewesha tu. Kichwa nilikipeleka, kilikuwa chini ya sufu. Aliyemwimbisha dada yangu huku anajua ni fundi. Swali ni lake."

"Mimi?" Abihudi akasema. "Mimi nilibonyeza kitufe, ni kazi yangu. Msiba haukuwa wangu kuutangaza, ninyi wenyewe mna desturi. Aliyeutoa uani na kuupeleka sokoni ni Bi Zawena. Ajibu yeye."

"Mimi nilikuta mama amekwisha kufa na wimbo umekwisha kuimbwa," Bi Zawena akasema. "Niliandika yaliyotokea. Nani alimwambia mgonjwa 'yuko njiani'? Huyo ndiye wa kuulizwa."

Dakika chache nyuma kila mmoja alikuwa ameifanya albamu peke yake. Sasa ungedhani albamu ile ilijirekodi. Kivuli cha nyumba kikawa kimekivuka kinu, kinaelekea mlangoni. Mtu mmoja akaanza kukusanya kuni, polepole, kama mtu anayetumaini kukatazwa. Mtoto mgongoni akaamka, akalia.

Nakijwa akatoka mlangoni.

"Kaka," akasema, "umevaa kofia mara ngapi maishani mwako?"

Senkondo akaangalia vidole vya miguu yake.

"Hujawahi. Hata shuleni ulichapwa kwa kuikataa. Ijumaa ile uliingia studio na mzula, joto lile, jasho linakutiririka shingoni. Unadhani sikuuona?"

Aliyekuwa anakusanya kuni akaziweka chini.

"Niliuona. Nilijua kilicho chini yake kabla hujanisalimia. Nikajiambia, wimbo mmoja tu umebaki. Nikakuuliza 'mama hajambo?' kwa sababu nilijua utasema hajambo. Nilikuwa nakuomba uniongopee, nawe ukaniongopea. Usiku ule nililala na kofia yako machoni. Asubuhi niliimba vibaya mara tatu kwa sababu nilikuwa namzika huku naimba. Fundi aliponiambia mama amesimama mlangoni, nilisikia kwenye sauti yake kwamba naye anajua. Basi nikaita. Na pale kwenye kimya nilitaka kupiga yowe, ila yowe lingeharibu wimbo. Nikacheka."

Akamgeukia Bi Zawena. "Uliandika kicheko kile hakiwezi kuigizwa. Dada, nilikiigiza. Ndicho kitu nilichokiimba vizuri kuliko vyote. Na nilipokuomba usiandike, sikuwa naficha machozi yangu. Nilikuwa naogopa kwamba ukichimba sana utakifikia hiki."

Akamgeukia shangazi. "Shangazi, mama aliita mara tatu Jumatano, sikusikia. Ijumaa niliambiwa na kofia, nikasikia. Nilimwitikia Jumamosi, kwenye maiki. Hilo ndilo jibu langu, na kwa jibu hilo sijui kama naweza kukaa."

Sasa tazameni wale watatu, maana nataka muwaone kama nilivyowaona. Senkondo alijishika kichwa kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza uso wake ulisema kitu. Abihudi alikuwa amefumba macho, ameinamisha sikio, anasikiliza jinsi sauti ile ilivyokaa uani, na mkono wake ulikuwa mfukoni. Na Bi Zawena, machozi yakimdondoka kidevuni, alikuwa amefungua daftari.

Kivuli kimefika kizingitini. Kuni zimepangwa. Shangazi Namcheja amelishika zeze kwa mkono mmoja na kijinga cha moto kwa mkono mwingine, anawatazama wanne wote, na hakuna hata mmoja anayetazama kigoda. Mtoto bado analia, na bado hana jina.

Mimi naishia hapa. Ninao wimbo ule kwenye simu yangu, nawaambia ukweli, na sijaufuta. Mapigo manne yale yakifika huwa naacha ninachofanya. Najua na ninyi wengine mnao, kwa hiyo msinijibu kama watu wasiohusika.

Aliyewadanganya wawili ili wimbo upate siku yake. Aliyejua na akabonyeza. Aliyeombwa anyamaze akaipa nchi nzima. Au yule aliyeona kofia, akacheka. Bila mmoja wao hakuna sifa, na hakuna mmoja wao aliye msafi. Moto uko karibu na zeze na mtoto anasubiri jina la bibi yake.

Je, wewe ungemketisha nani?